Siku Nilipomtuza Zaituni Kabla Hajamaliza

Mwaka ule ziwa lilipofungwa samaki wazaliane, dagaa wakawa hadithi, tukala sombe, kisamvu chetu hicho, mchana na sombe jioni mpaka tukaota majani, ndio mwaka nilioaibika mbele ya wazazi wa shule nzima, na nasema mwenyewe kabla majirani zangu wa Rusimbi hawajawasimulia kwa kuongeza chumvi.

Mjukuu wangu Zaituni aliteremka kutoka Kalinzi kuja kwangu kuanza sekondari. Huko juu kwenye mashamba ya kahawa Kiingereza alikisikia redioni tu, basi kila akifungua mdomo darasani wenzake wa mjini wanagonga meza: "Kiingereza cha Kalinzi hicho! Kinanuka kahawa!" Alilia wiki nzima, kisha akafuta machozi. Akawa anatwanga sombe huku anasema Kiingereza, neno moja mchi mmoja, neno gumu michi kumi (sombe laini namna ile sijapata kuila tena), na mimi niliyeishia darasa la pili nakaa natikisa kichwa kama naelewa.

Alipofika kidato cha pili wakamchagua ashindane kuhutubia kwa Kiingereza siku ya wazazi, dakika tano, majaji wawili na kengele. Asubuhi anafunga viatu ananiambia, "Bibi, leo wakinicheka tena sirudi darasani. Utanipeleka kwa fundi cherehani." Nikamwambia haya, nikachukua kikapu changu.

Kosa langu ni kitenge. Nilikitia kipya ndani ya kikapu, nimtuze. Kwetu mtu akiimba vizuri akanyamaza, ujue anangoja tuzo, unamwendea unacheza, unamvika. Zaituni akasimama, maneno yakamtoka kama dagaa wanaomwagwa kwenye turubai, halafu ghafla kimya, anatazama dari. (Kumbe kasahau, mimi najuaje?) Nikapiga kigelegele, nikaenda mbele nacheza mabega, nikamfunga kitenge shingoni, na wanawake wenzangu, hao hawakosi, wakanifuata mstari mzima, huyu anampepea kwa kanga, yule makalio yake yakagonga meza ya majaji, meza chali, kengele ikabingirika chini ya viti!

Zaituni akaninong'oneza: "Bibi, sijamaliza."

Ukumbi ulivunjika kwa vicheko. "Bibi, rudi ukae!" mwalimu mkuu akafoka, na jaji anaokota karatasi zake anasema muda wa mtoto umekwisha. Nilikaa kichwa chini, najua nimemmaliza kwa mikono yangu, kesho ni cherehani.

Basi yeye akakiweka kitenge sawa begani, akaomba aanze upya. Jaji akasema alama hapati. Akaanza hivyohivyo bila alama, kutoka neno la kwanza, alipokwama akapiga mguu chini kama anatwanga, neno likatoka, na wale waliosema kinanuka kahawa wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka akamaliza yote, wakasimama kumpigia makofi. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu.

Jumatatu aliamka kabla yangu akaenda darasani, cherehani hakuitaja. Mimi nikaitwa ofisini, mwalimu mkuu anataka niombe radhi mbele ya wazazi kwenye kikao kijacho. Nikamwambia meza tuliyoivunja nitaipeleka kwa seremala, na sitanyanyuka tena kwenye kiti mpaka mtu atangaze kwa Kiswahili kwamba mtoto amemaliza, hilo naapa, aibu ile inanitosha mpaka kaburini. Lakini radhi?

"Kumtuza mjukuu wangu, siombi radhi."

"Bibi yangu," akasema, safari hii kwa upole, "ni neno moja tu, uliseme yaishe."

Nikanyanyuka, nikajifunga kanga vizuri.

"Kumtuza mjukuu wangu, siombi radhi."