Majina Arobaini na Matatu

Bartolomayo wa Mvumi alikaa masijala ya shirika miaka ishirini na miwili, na hakupoteza jalada hata moja. Mwaka 1998 shirika likauzwa, watu wakaanza kupunguzwa. Bosi wake, Bwana Ludovick, akamwambia kuwa masijala itabaki na mtu mmoja tu. Akitaka awe yeye, basi majina yote ya watumishi yawe ndani ya kompyuta kabla wanunuzi hawajafika Ijumaa.

Roho juu, Bartolomayo akaivamia ile mashine. Diski yake ilikuwa nzito ajabu kuandika. Akafungua mipangilio ya kuhifadhi mafaili, akaazima kwa Ruthu, mchapaji wa bosi, saa ya michezo ya mumewe, akaanza kupima. Mashine ikiandika kila jina kwenye diski papo hapo, majina hamsini yalikula dakika arobaini. Ikiyashika kwanza kichwani, kwenye kumbukumbu yake, na kuyaandika kila baada ya dakika tano, ishirini na nane. Kila baada ya saa nzima, kumi na saba! Akapeleka daftari la vipimo kwa bosi, meno yote nje.

"Umeme ukikatika hapo katikati, imewahi kupoteza kitu?" Ludovick akauliza.

Hilo hakuwa amelipima. Lakini kumjibu mkubwa "sijui" aliona ni utovu wa adabu.

"Bado, mzee."

Maana ya "bado" ile ofisi nzima iliijua: haijatokea, na huenda ikatokea. Ludovick naye aliijua vizuri sana. Akachagua kusikia "hapana" kwa sababu jibu hilo ndilo lililomfaa.

"Weka saa nzima. Na kila jina likiingia, jalada lake choma. Wanataka jengo tupu."

Bartolomayo akachapa siku nne, akibeba majalada mwenyewe hadi shimoni nyuma ya ofisi. La kwake aliliacha mwisho, kama mwenyeji anavyojipakulia baada ya wageni. Ijumaa, saa nne kasoro robo, akalitia motoni. Hakuwa hata amerudi kwenye kiti umeme ulipokatika.

Uliporudi, majina arobaini na matatu hayakuwamo, na la kwake mojawapo.

"Asiyemo kwenye mashine si mtumishi," Ludovick alisema mbele ya mjumbe wa wanunuzi, bila haya hata chembe. "Masijala ataishika Ruthu."

"Mzee, miaka ishirini na miwili mnaniona hapa!"

"Nionyeshe karatasi."

Mikono ya Bartolomayo ilikuwa na masizi mpaka viwikoni. Hakuwa na karatasi.

Mjumbe alionekana kuingiwa na wasiwasi. Akamgeukia Ruthu. "Mama, unamfahamu huyu?"

Ruthu alikuwa amekula naye chakula cha mchana miaka kumi na mmoja. Mwanawe wa pili alibatizwa akiwa mikononi mwa Bartolomayo, baba yake wa ubatizo. Akamtazama Ludovick, kisha akatazama sakafu.

"Kwa sura namjua," akasema. "Namwonaga hapo nje."