Tulivyompa Mbwa Mgongo

Kwetu Bukavu mbwa akikosea alirushiwa kandambili, kesi ikaisha. Mbwa wetu wa hapa Brussels alihitaji mwalimu. Tulimrithi kwa bibi mmoja mzungu wa mtaa wa Ganshoren niliyekuwa nikimtunza, alipohamia nyumba ya wazee isiyopokea mbwa. Alikuwa mzito kama gunia la makaa, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: mgeni akiingia, anamrukia kifuani.

Mwalimu, mama mkali mwenye vipande vya jibini mfukoni, alitukataza kumpiga na hata kumfokea. Eti ukimfokea anadhani mnacheza. Akiruka, wote waliomo wampe mgongo, mikono kifuani, macho darini, kimya, mpaka miguu yake yote minne iguse chini. Hapo ndipo apewe jibini. Na mgeni asisalimiwe kwanza, maana salamu ndizo zinazompandisha wazimu. Nilimwambia kwetu kutosalimia mgeni ni tusi. Akanijibu kwamba mbwa hajui kwetu ni wapi.

Basi tukajifunza. Mume wangu alikolea mpaka akampa mgongo mleta barua. Mchungaji alipokuja kutuombea alisali sala nzima ameelekea ukutani, amina akaisemea huko huko. Nilijivuna, kwa sababu mbwa alikuwa ameanza kuelewa.

Sasa kuna yaya wangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Ana saluni ya nywele kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, na kwa miaka miwili tulikuwa hatusemeshani. Kwenye kilio kimoja alitangaza mbele ya wamama wote kwamba sombe yangu, yaani kisamvu, ni chakula cha wagonjwa. Sombe yangu mimi! Tangu siku hiyo sikupokea simu zake, na nikimwona Chaussée de Wavre navuka barabara. Nilingoja akili zimrudie. Jumapili nilimkumbuka sana, ila hilo sikumwambia mtu.

Halafu akampigia mume wangu: Jumamosi anakuja, tumalize maneno. Nilipika tangu asubuhi. Nilijua akiondoka vibaya safari hii, ndiyo basi tena, sina dada.

Kengele ikalia, nikashika kipande cha jibini kama kawaida, mume wangu akafungua. Yaya alikuwa amevaa kitenge kipya, mikononi ana sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Nilifungua mdomo nimwite, mbwa akamrukia. Na sisi wanne, mimi, mume wangu na binti zetu wawili, tukageuka kwa mara moja kama askari. Mikono kifuani, macho darini. Naapa, mwili uligeuka kabla ya akili.

Nilisikia mbwa akihema na mfuniko wa sufuria ukigongagonga.

"Miye nakuya kuomba pardon," sauti ya yaya ikasema nyuma yangu, "na munanipa mugongo, mpaka na batoto?"

"Hapana yaya, haiko weye," nikauambia ukuta. "Ni imbwa tunafundisha. Akikosa, tunamunyamazia mpaka ajirekebishe. Ngoja kidogo."

Kisha akasema polepole, "Kumbe. Deux ans yote, miaka mibili, ulikuwa unanifundisha."

Nililia pale pale nikiwa nimeutazama ukuta. Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu. Nikasikia kucha za mbwa zikigusa sakafu, miguu yote minne, nikageuka. Mbwa alikuwa ameketi vizuri, ananitazama mkono wenye jibini. Pembeni yake yaya wangu amesimama wima, hajasogea hata hatua, machozi yanamtiririka, sufuria ameikumbatia. Nilijua kwa harufu kwamba ni sombe.

Nikaiangusha jibini nikamkumbatia yeye. Mbwa akaturukia sote wawili, sombe ikamwagika sakafuni, na hakuna aliyempa mgongo.