Kitambaa cha Dobi na Bendera ya Wifi

Kwa miaka kumi na minne, mtaa mzima haukuanika nguo bila kumuuliza dobi. Alikuwa amefunga kitambaa chekundu juu ya mti wa kamba zake: kikipepea, vumbi linakuja, anua; kikitulia, anika. Hakuwahi kukosea, na hakuwahi kuchoka kulisema hilo.

Ndipo kituo cha hali ya hewa kikamwajiri wifi yake, dada wa mumewe, asome vipimo na kupandisha bendera ya njano vumbi linapokaribia. Wifi huyo huyo ambaye kufua shuka moja humlaza kwa maumivu ya mgongo! Sasa majirani hawasemi tena, "Shoga, leo tuanike?" Wanapita shingo juu, macho kwenye paa la kituo. Dobi akiwaona, anabana vibanio vya nguo kama anayembana mtu sikio.

Siku hiyo joto lilikuwa la kuchemsha ubongo, upepo hakuna. Kambani zilining'inia shuka arobaini nyeupe za nyumba ya wageni, na meneja alikwisha kumwonya: leo zikiharibika, kazi anampa mwingine. Saa tisa bendera ikapanda. Wifi mwenyewe akaja mbio.

"Wifi, anua! Mgandamizo wa hewa umebadilika ghafla, na kituo cha mbele wamepiga simu."

"Kitambaa changu hakijatikisika."

"Hakitatikisika mpaka vumbi likufikie! Kuna wingu kule mbali, mvua yake inakauka kabla ya kugusa ardhi. Hewa inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka na kusambaa chini kama maji ya beseni lililopinduka. Inazoa vumbi lote mbele yake."

"Makubwa! Siku hizi hewa nayo inakaa kwenye beseni. Nenda kapepee bendera yako, bibi mawingu."

Wifi akaanza kuanua mwenyewe. Dobi akamnyang'anya shuka, akairudisha kambani. Kusema kweli, ule weusi chini ya wingu alishauona. Lakini kuanua kwa amri ya wifi? Afadhali ameze sabuni.

Kitambaa kilitikisika mara moja tu. Ubaridi ukampiga usoni, na nyuma yake ukaja ukuta wa vumbi mrefu kupita paa la kituo. Ulipopita, shuka zote zilikuwa rangi ya matofali.

Meneja akafika anahema. "Wewe mama, bendera hukuiona?"

"Nilichelewa kuipandisha," wifi akadakia. "Kosa langu."

Dobi akamgeukia. Ametwaa hewa, ametwaa majirani, sasa anataka na uungwana auchukue peke yake?

"Mwongo huyo," akasema. "Bendera ilipanda mapema. Mimi ndiye niliyekaidi."

"Basi zifue hizi, uzilete, tumalizane," meneja akajibu, akaondoka.

Wifi akamsogelea. "Sasa umefanya nini, wifi? Nilikuwa nakuokoa."

"Ndiyo maana nimekunyima nafasi hiyo," dobi akasema, akamtupia ncha ya shuka. "Shika hapo, tukung'ute. Na usikunje mgongo, utasema umevunjika."