Mpaka Vyura Walie

“Mama Pulchérie, kwa nini unakula peke yako, sisi tunakuangalia tu?”

Nilikuwa na miaka saba, na njaa imenikaba. Alinicheka. “We Teta, hiyo tumbo yako iko na mudomo! Ngoja vyura walie.”



Pulchérie ni jirani yetu hapa Rugerero. Mvua ikianza, anapanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi Busasamana na kurudi na kikapu cha uyoga. Mchana anapika kidogo, anakula peke yake, anangoja. Jioni vyura wa bondeni wakianza kulia naye bado mzima, ndipo anatugawia, na ule mbichi anauza. Mtaa mzima tunamwamini.

Mumewe, Onésphore, alikufa kabla sijazaliwa. Inasemekana alitiliwa sumu kwenye urwagwa, pombe ya ndizi, nyumbani kwa Karenzi, dereva wa moto. Mpaka leo Pulchérie hamsalimu Karenzi, wala hapandi moto yake hata mvua ikimnyeshea.

Wiki hii mwalimu wa biolojia alitupa kazi: linganisha aina ya chura na aina ya uyoga. Jana jioni nilikuwa kwa Pulchérie, sahani mapajani, daftari pembeni. Uyoga wa safari hii ulikuwa mweupe kuliko niliouzoea. Bondeni vyura walishaanza.

Nikamsomea kabla ya kula. Chura mwenye vinundu hafichi sumu yake: mbwa akimuuma, anamtema papo hapo, povu mdomoni. Lakini uyoga mweupe wa kuua ni mtamu. Unakula, unalala vizuri. Kesho yake tumbo linakukamata, halafu unapata nafuu, unacheka na watu. Siku ya nne umekwisha.

“Rudia hapo,” alisema.

Nikarudia.

“Anapata nafuu?”

“Ndiyo, mama. Halafu anakufa.”

Alikaa chini taratibu. “Onésphore naye alipata nafuu, akakunywa mpaka supu. Akaniambia, Pulchérie, mi niko muzima.”

Kijiko kilikuwa karibu na mdomo wangu. Alikipokonya, na sahani pia. Yeye alikuwa ameshakula tangu mchana.

“Twende kwa daktari,” nilisema.

“Bon. Uliniuliza kitu ukiwa mudogo. Nakula peke yangu ju zamani Onésphore ndiye alikuwa anaonja, na mi ndiye nilimupa sahani ya uyoga siku ile alikunywa kwa Karenzi. Sasa kimbia, niitie Karenzi na moto yake.”