Mlango wa Shaba wa Kikaangio cha Nafuna

Kila Jumatatu asubuhi, majirani wa Bugembe, nje ya mji wa Jinja nchini Uganda, wakisikia mwiko unakwaruza chuma, walijua Nafuna yuko jikoni na kikaangio chake. Alikuwa mwanamke wa Mbale aliyeolewa na Makokha, dereva wa lori kutoka Kenya, mtu wa kuonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Watoto wake wanne walikula na kuvaa kwa kahawa aliyoikaanga mama yao na kuiuza kwa makopo.

Kikaangio chenyewe kilikuwa pipa dogo la chuma, halizidi debe, lililolala juu ya jiko la makaa na kuzungushwa kwa mkono. Upande mmoja kilikuwa na mlango wa shaba wa kumiminia kahawa. Nafuna alikijua kama mama anavyoujua mwili wa mtoto mchanga. Alikwangua mafuta ya kahawa yaliyogandia ndani kabla hayajawa kama lami, kisha akapangusa kwa kitambaa kikavu. Alisugua bomba la moshi kwa brashi ya katani mpaka makapi yote yakadondoka, yale maganda mepesi yanayobanduka buni zikialika. Makapi yakisahauliwa hushika moto, na kahawa yote ikanuka majivu. Palipozunguka chuma cha katikati alitia tone la mafuta ya kupikia, maana grisi haikuwako madukani. Maji hakuyatumia kamwe. Chuma kikinywa maji huota kutu.

Ila mlango wa shaba hakuugusa. Moshi wa miaka ulikuwa umeuvika masizi mazito kama ngozi ya nyati, naye aliyaacha.

Chini ya masizi yale palikuwa na jina. Kikaangio kilikuwa cha Jasumati, mke wa Mansukh mwenye duka mjini Jinja, ambaye Nafuna alimpikia miaka tisa. Baba yake Jasumati alikuwa akinunua kahawa huko Mbale, na binti yake alipoolewa alimtengenezeshea chombo hicho kwa fundi. Kama ilivyo desturi yao kwa vyombo vya harusi, jina la bibi arusi lilitobolewa juu ya shaba, nukta kwa nukta. Mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipopewa na serikali siku tisini wawe wameondoka nchini, Jasumati alikishika kidole cha Nafuna akakipitisha juu ya nukta zile.

"Hii Jasumati. Hii baba yangu. Wewe tunza, Nafuna. Kila wiki zungusha, hata kahawa hakuna."

Muda si muda ikatangazwa kwamba mali yote iliyoachwa na Wahindi ni ya serikali, na atakayeficha atajua mwenyewe. Mtu mmoja wa mtaa wa nyuma alichukuliwa kwa sababu ya cherehani. Hakurudi, yeye wala cherehani. Basi Nafuna akayaacha masizi yafanye kazi yake.

Mwaka wa sabini na sita akaja Wilkista, dada yake Makokha, kuwatembelea kutoka Bungoma. Alikuja na miche mitatu ya sabuni ameifunga kiunoni, maana sabuni Uganda siku zile ilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Wilkista alikuwa mtu wa usafi. Hakuweza kuona weusi juu ya chombo akapata usingizi.

Wiki hiyohiyo Khadija, mama mzee wa Kinubi, kabila lenye askari wengi siku zile, aliyekaa nyumba ya tatu, alikuwa anamwoza binti yake. Aliagiza kahawa ya harusi, makopo kumi. Nafuna akaenda Mbale kwa ndugu zake kuchukua buni. Ijumaa alasiri angekuja kuichukua kahawa Bakhit, mwanawe Khadija, sajini wa kizuizi cha barabarani.

Nafuna alirudi Ijumaa asubuhi na mfuko wa buni. Wilkista alimpokea mlangoni, uso umejaa tabasamu.

"Karibu, wifi! Hebu ingia jikoni kwako uone."

Mlango wa kikaangio ulikuwa unameta mtu aweza kujitazama pua. Na katikati yake jina la Jasumati, nukta zote, hata moja haikukosekana.

"Majivu na ndimu tu," alisema Wilkista. "Sabuni nimekuwekea. Kaka yangu alikuoa wewe au alioa masizi?"

Nafuna alikaa chini sakafuni. "Wifi, umenimaliza."

"Nimekumaliza kwa ndimu?"

Alipomweleza, Wilkista alijiziba mdomo kwa viganja viwili.

Walijaribu kuyarudisha. Walichanganya masizi ya sufuria na samli, wakapaka, wakapaka tena. Jiko lilipowaka samli iliyeyuka ikachuruzika, na jina likachungulia. Masizi ya kweli hayapakwi, hupikwa kwa miezi. Kukificha kikaangio hakukuwezekana, kwa kuwa harusi ilikuwa kesho, na kumnyima kahawa mama wa sajini kungekuwa kujichimbia shimo jingine. Nafuna akakaanga. Alizungusha mbio ili amalize kabla ya alasiri, ajitokeze nje na makopo, sajini asiwe na haja ya kuingia ndani.

Mkaango wa mwisho ulikuwa bado pipani gari la jeshi liliposimama uani.

"Mama Kahawa!" Bakhit aliingia akiinamisha kichwa. "Mama yangu anasema wewe ukichelewa, bibi arusi ataolewa na chai!"

"Bado kidogo tu, afande. Huu ndio wa mwisho." Nafuna alikuwa amesimama kuupa mlango wa shaba mgongo, mkono mmoja nyuma ukizungusha.

"Mama, nguo yako inaungua."

Alishtuka, akaruka kando bila kufikiri. Bakhit akaona. Akainama. Akanyoosha kidole karibu na nukta.

"Hii jina ya nani?"

Tangu asubuhi Nafuna alikuwa ametunga uongo wa namna tatu. Alipoutafuta hakuona hata mmoja. Wilkista alikuwa anayatazama mabati ya paa kana kwamba anayahesabu.

"Ni Jasumati, afande. Nilikuwa namfanyia kazi. Alipewa na baba yake siku ya harusi. Aliniachia nitunze."

Ndani ya pipa buni zikaanza kualika, tak, tak, na mkono wa Nafuna ukarudi kuzungusha wenyewe.

"Mama yangu iko na sinia," alisema Bakhit kwa sauti ya chini. "Tulikuta ndani ya nyumba ya Wahindi tulipewa. Iko na nukta kama hii. Kila siku ananiuliza, Bakhit, mimi nakula juu ya jina ya nani?"

Honi ililia nje, na askari mwenzake akaita kutoka garini. "Sajini! Kuna nini huko? Nakuja!" Buti zikasikika uani.

Bakhit aliutazama mlango wa shaba, akamtazama Nafuna. Kisha akachota makapi kwa mikono miwili kutoka kwenye kopo kando ya jiko, akayatupa juu ya makaa. Moshi ukapanda, mzito, mchungu, ukajaa jikoni kote.

"Usiingie!" alipiga kelele. "Moshi ya kahawa itaua macho yako!"

Yule wa nje alifika kizingitini, akakohoa, akatukana, akarudi garini. Bakhit alibeba makopo yaliyokwisha jazwa huku machozi yakimtiririka.

"Mama," alisema, "hii mlango ni safi sana. Usafi ya namna hii ni mbaya."

Mkaango ule wa mwisho ulinuka majivu, haukuweza kuuzwa. Waliunywa wenyewe mwezi mzima, na Wilkista hakulalamika hata kikombe kimoja.

Masizi yakarudi polepole. Mwaka wa sabini na tisa serikali ile ilipoanguka ikawa zamu ya wanajeshi kukimbia, na Wanubi nao wakawa wanafungasha, Khadija alikuja kwa Nafuna na kitu kilichoviringishwa katika shuka.

"Bakhit ametangulia. Mimi siwezi kukimbia nayo hii," alisema. "Mwenyewe akija kuuliza, iko kwako."

Lilikuwa lile sinia. Nafuna alipitisha kidole juu ya nukta zake, akazilinganisha na zile alizozikumbuka. Hazikuwa za Jasumati.

Jumatatu alikwangua mafuta, akasugua bomba, akatia tone la mafuta. Kisha akachukua majivu na ndimu, akaanza na sinia, akamalizia na mlango wa shaba.