Mikono Sitini

Ukindu unaochemka ndani ya debe la rangi una harufu yake peke yake: majani, moshi wa kuni za mkorosho, na ukali wa rangi ya zambarau unaopanda puani mpaka machozi yanatoka. Utoto wangu ulinuka hivyo, uani kwetu Temeke, zama za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia. Temeke yenyewe ilikuwa mashamba ya mihogo na vijia vya mchanga, na mtu akisema anakwenda mjini, basi kafunga safari kwelikweli. Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa fundi wa mikeka. Ukindu aliletewa kutoka mabonde ya Chamazi, rangi aliinunua dukani kwa Mhindi, na kila siku baada ya sala ya alasiri alikaa barazani kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu ambao baadaye huzungushwa na kushonwa kuwa mkeka. Mie nilikuwa na miaka kumi na nilimwonea wivu vidole vyake. Wenzangu walitaka bangili, mie nilitaka vidole vile.

Kusuka nilijua mapema, tena vizuri, sijisifu bure. Kilichonishinda ni kukaa. Niliweza kusuka kutwa nzima bila kula, mpaka vidole vinachanika, kisha wiki mbili sionekani, ukili wangu unaliwa na panya chini ya kitanda. Dada yangu Zuhura, aliyenizidi miaka minane na urefu wa kutisha, alinicheka: “Wewe ni mvua ya masika. Ukija unatufurikia, ukiondoka hata dalili hatuoni.” Nilimrushia kokwa la embe. Ukweli unauma, na yeye alipenda kuusema huku anatabasamu, jambo ambalo lilinikera zaidi.

Mwaka huo Zuhura alichumbiwa, harusi ikapangwa baada ya mavuno ya mpunga. Nikaropoka mbele ya watu wazima kwamba mkeka wake wa harusi nitausuka mie. Watu wakacheka, Mama Mkubwa hakucheka. Aliniita pembeni akanipa sheria zake. Kila siku mkono mmoja wa ukili, tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole, si zaidi wala si pungufu. “Ukisikia hamu ya mkono wa pili, iache ilale na njaa, kesho itakuamsha yenyewe.” Tena akaniambia niloweshe ukindu asubuhi, kabla sijakwenda chuoni kusoma Kurani, kwa sababu ukindu ukishalowa haumngoji mtu: ukikauka unakatika, ukikaa majini unaoza. Mkeka mzima ungekula mikono sitini. Nilichora mistari sitini ya mkaa nyuma ya mlango wa jiko, na kila jioni nikafuta mmoja.

Jamani, sijapata tena raha kama ile. Asubuhi naukuta mtungi, natia ukindu, naondoka nikijua kuna kitu kinanisubiri. Alasiri nakaa barazani karibu na Mama Mkubwa, na Zuhura yuko ndani anapepeta mchele au anazifukiza kanga zake kwa buhuri, anapaza sauti: “Leo rangi gani?” Mie najibu “Kisia!” Naye anakisia nyekundu, kijani, zambarau, na akipatia anapiga kigelegele kifupi cha kunichokoza. Kila siku, bila kukosa. Baada ya siku ishirini sikuhitaji tena kusukumwa. Mwili wenyewe ulikuwa unakaa chini, vidole vinaanza, na mie nafuata.

Mstari wa sitini niliufuta siku ya Ijumaa. Mama Mkubwa alishona siku tatu, akautandika uani, na wote tukasogea kuutazama. Mkeka ulikuwa mfupi. Si kidogo, mfupi wa aibu. Mama Mkubwa aliutazama, akautazama mkono wangu, akajishika kichwa: “Ole wangu! Mikono sitini ya mtoto!” Nilipima siku zote kwa mkono wangu wa miaka kumi, na yeye, aliyeniona nikipima, hakuwaza kwamba mkono aliousema ulikuwa wa kwake. Zuhura akajilaza juu ya mkeka pale pale uani, miguu ikapita mpaka mchangani, akacheka mpaka akakohoa. “Basi si neno. Mie nitalala nimekunja miguu.” Mama Mkubwa akasema atafumua, nisuke mikono ishirini zaidi, atauongeza, muda upo.

Mie nikanuna. Niseme wazi, maana ni miaka mingi na waliojua wote wamekufa: nilinuna kwa kiburi, kwa sababu walinicheka. Siku tisa sikugusa ukindu. Ule niliokuwa nimelowesha uliozea mtungini, ukatoa ute na uvundo, Mama Mkubwa akaumwaga bila kunisema. Zuhura aliuliza siku mbili tatu, “Leo rangi gani?”, mie nikajifanya sisikii, naye akaacha. Siku ya kumi alishikwa na homa. Siku ya kumi na tatu alifariki, mchana, chumba kimejaa wanawake.

Mama alisema mkeka ni wa Zuhura, aende nao. Wakautandika kwenye jeneza, wakamlaza juu yake katika sanda, na mie nilikuwa nimesimama mlangoni, hakuna aliyekumbuka kuniondoa. Miguu ilipita. Mjomba akauvuta mkeka upande wa miguu, kichwa kikabaki nje. Akaurudisha juu, miguu ikabaki nje. Alifanya hivyo mara mbili, mpaka Mama akasema, “Acha, kaka. Acha hivyo hivyo.” Mama Mkubwa akavua kanga yake ya mabegani, akaikunja, akaitia chini ya visigino vya Zuhura. Wanaume wakambeba. Mie nikaenda nyuma ya mlango wa jiko nikasugua madoa ya mkaa kwa kiganja.

Matanga yalipokwisha, alasiri, Mama Mkubwa aliniita barazani. Ukindu alikuwa ameulowesha mwenyewe. “Kosa ni langu,” alisema, “mie ndiye mkubwa. Wewe kaa.” Nikamwambia sitapima tena. Akasema usipime, suka mpaka adhana ya magharibi, kisha acha. Nikasuka. Na katikati ya kusuka nikasikia kutoka ndani, wazi kama unavyomsikia jirani, “Leo rangi gani?” Nikajibu kwa sauti, “Kisia!” Ndani Mama alipiga ukelele, akatoka analia, akaniomba kwa jina la Mungu nisijibu tena. Tangu hapo najibu moyoni.

Sasa ni mzee, naishi Kinondoni kwa mwanangu, nyumba ya matofali, sakafu ya vigae, na mikeka inanunuliwa ya plastiki, ya kukunja na kubeba kwapani. Temeke ya mihogo hakuna, uani petu pana gereji. Lakini alasiri nakaa. Sipimi, nasuka mpaka adhana, ukili nampa jirani, anapima na kushona yeye. Wiki iliyopita mjukuu wangu anayesomea uchoraji alikuja kulalamika: siku moja anachora mpaka alfajiri, kisha mwezi mzima hashiki brashi. “Bibi, wewe unawezaje kila siku? Nipe siri.” Akaushika ukili wangu, akalaza mkono wake juu yake, akaanza kuhesabu kwa utani, moja, mbili. Nikamnyang’anya na kumkemea kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mtoto. Akasema, “Samahani, Bibi,” akaondoka machozi yanamlengalenga, na hajarudi.

Mjukuu wangu, nimeandika haya ili nikujibu. Loweka asubuhi, kaa chini saa ile ile, acha ukiwa bado na hamu. Hayo nilifundishwa nami nakufundisha. Lakini siri haimo humo. Wanangu wananiambia nipumzike, macho yamekwisha. Nitapumzikaje, nanyi hamjui kwamba kila alasiri kuna mtu anauliza, na katika nyumba nzima ni mie peke yangu ninayemsikia?