Godoro "isiyoshika moto" ya Silas wa Kisian ilivyonifukuzisha beach ya Usenge

Omena yangu, hizi dagaa za ziwa, ilimwagwa chini mbele ya beach nzima, wakuu. Na aliyemwaga ni mwenyekiti wetu Mama Consolata, mwanamke tumeimba naye kwaya moja tangu tukiwa wasichana.

Aliinua beseni, akageuza, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wanunuzi wote: "Mama Awuor, omena yako inauma watu. Toa neti yako hapa."

Mimi nilikuwa najikuna shingo.

Hamjambo wote. Mimi niliachia shule darasa la sita, kwa hivyo mwenye kutaka kunisahihisha Kiswahili akae pembeni kwanza. Ninayoandika ndiyo yaliyonipata, na majina nimeweka. Anayetaka kukataa akatae hapa hapa, nipo.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Nyumba yangu iliungua mchana mmoja nikiwa nimejilaza. Cheche ya jiko iliruka kwa godoro ya sponji. Mnajua sponji ikishika moto? Haiwaki kama kuni. Inayeyuka, inadondoka, moshi mweusi kama lami. Nilitoka na huu mkono wa kushoto umeiva. Mume wangu alikuwa ametangulia kitambo, kwa hivyo hakukuwa na mtu mwingine ndani. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Nikaapa sponji ya kawaida sitalalia tena.

Sasa kuna jamaa anaitwa Silas. Ako Kisian, kando ya barabara ya Busia, anauza magodoro ya mtumba kutoka ng'ambo. Nikamweleza shida yangu, nikamwonyesha mkono. Hapo ndipo nilikosea. Mtu ukimwonyesha kidonda, amejua mahali pa kukushika.

"Mama, Mungu amekuleta kwangu," akasema. "Hii ni fireproof, imetoka hoteli ya wazungu. Hata umwage petroli, itakuangalia tu."

Akawasha kiberiti, akachoma kona. Kweli haikushika. Ilitoa tu harufu kama ya dawa ya kupulizia mboga. Akasema hiyo ni harufu ya upya.

Upya gani na ni mtumba? Lakini nilitaka kuamini, wakuu. Nikaipandisha pickup ya samaki mpaka nyumbani.

Harufu ikakataa kuisha. Macho yanawasha, kichwa kizito kila nikiamka. Na sisi watu wa ziwa, kitu ikinuka inafuliwa. Hatujui ingine. Nikaona godoro iko na zipu. Mtu akishona zipu si amekuambia fungua? Nikafungua.

Ndani kulikuwa na nguo ingine nyeupe, laini, inang'aa, imevalishwa sponji kama soksi. Nikavua zote mbili, nikazipeleka ziwani, nikazikanyaga na miguu vizuri kabisa.

Nikaanika wapi? Kwa neti yangu ya kukaushia omena. Hapo hakuna mchanga, hakuna mbuzi, jua ni la kutosha. Kila mama wa beach ameshaanika nguo kwa neti siku boti hazijaleta kitu, na asiniangalie vibaya.

Jioni nikairudishia godoro kava ya nje, ile soksi nikaitundika kwa ua. Kesho yake boti zikaja zimejaa. Nikatandaza omena palepale.

Kuwashwa kulianza na mimi. Mikono, shingo, katikati ya vidole. Shemeji yangu, Mzee Opiyo, akaja kuniona, akakaa kwa kitanda, akatangaza ni chira. Ati hiyo ni laana ya mjane kubadilisha godoro bila kuuliza boma.

Nikamwambia, "Mzee, basi hii chira haichagui. Wewe umekaa hapo dakika kumi, na unajikuna nini?"

Aliinuka hakuaga.

Halafu wanunuzi wakaanza. Mama mmoja wa Bondo akarudi na mtoto amevimba midomo, akampelekea Mama Consolata ile omena. Ndiyo hiyo siku nimewaambia. Mtoto alipona, nilienda mwenyewe kumwona na kuomba msamaha. Lakini mimi beach nilitoka na jina jipya: Mama Upupu. Miaka yote nimekausha omena safi, nikaitwa upupu.

Aliyenifungua macho ni Fundi Odongo, yule anaziba boti zikipasuka. Alipita kwangu akaona ile soksi nyeupe imening'inia kwa ua. Akasimama. Hakuishika na mkono, aliiinua na kijiti.

"Mama, hii kitu yangu ya kazi umetoa wapi?"

"Kazi gani? Hiyo ni nguo ya godoro."

"Hii ni faiba. Ni glasi, wameisokota ikawa uzi. Ndiyo nabandika kwa boti na gundi. Mimi nikiikata navaa glavu, na bado mke wangu hataki nguo zangu zichanganywe na zake. Wewe umelala nayo?"

"Nimelala nayo. Nimeifua. Nimeianika kwa neti."

Odongo akashika kichwa. "Woi, mama! Wewe umelala kwa boti na hata kisiwa hujafika."

Nilicheka. Halafu nikalia mpaka akatafuta stuli akakaa.

Akaniambia magodoro zingine wanatia sponji dawa ya kuzuia moto, zingine wanavalisha faiba. Yangu aliona ilikuwa na yote mawili, maana glasi hainuki. Tukaenda kuangalia neti kwa jua. Ilikuwa inameta. Lakini magamba ya omena pia yanameta, nani angejua?

Nikafunga ile soksi kwa karatasi ya nailoni, nikaenda Kisian.

Silas aliniruka mbele ya wateja. "Nani alikutuma ufue godoro? Nyinyi watu wa beach mtafua hata ukuta!"

Watu wakacheka. Mimi nikampita, nikaingia nyuma kwa magodoro hajafungua bado. Kila moja ina lebo kubwa ya Kizungu pembeni. Zile za mbele za kuuza, lebo imekatwa, nyuzi tu ndizo zimebaki. Nikaomba msichana mmoja mteja anisomee. Akasoma kwa sauti: usitoe kava, usifue, ndani kuna nyuzi za glasi.

"Silas, mbona unakata?"

Akasema, bila aibu, "Lebo inatisha wateja."

Wakuu, niseme nini tena?

Siku hizi nalalia godoro ya pamba tupu, fundi aliishona nikiwa nimekaa hapo naangalia kila konzi inaingia. Chini yake mkeka wa mafunjo. Hainuki kitu. Na pamba inashika moto, sidanganyi mtu. Ndiyo maana jiko na koroboi havikanyagi chumba changu cha kulala. Moto nitauchunga mimi mwenyewe, sitauachia dawa ya mtu.

Ukinunua, nusa. Angalia lebo, ikiwa imekatwa, toka hapo. Omba uzi wa kitambaa uuchome nje: wa pamba unanuka kama karatasi na kubaki jivu, wa plastiki unajikunja kidonge. Na muulize muuzaji ndani kuna nini. Akianza kukuambia habari za hoteli, rudi kwenu.

Lakini sijamaliza.

Mama Consolata anasema yeye sasa ameelewa, ila wanunuzi bado wanaogopa. Neti yangu mpya iko nyumbani imekunjwa. Kwa hivyo Silas, sitaki godoro ingine kwako, na usinitumie mtu wa kuniomba ninyamaze. Nataka uje Usenge siku ya soko, usimame mbele ya wamama, useme kwa mdomo wako ulikata nini na kwa nini. Na anayekuletea hizo magodoro, na aliyekagua kontena iliyozileta akaangalia kando, uje nao.

Mwenye kumjua amfikishie huu uzi. Na wewe unayesoma, inua shuka sasa hivi. Ukikuta lebo yako imekatwa, andika hapa chini nani alikuuzia.

Silas, unakuja lini?